Waifai ya chuo: seva ya RADIUS nimeweka, laptopu inaingia ila simu zinagoma, na hosteli ndo kabisaa

kijana_wa_Uyole

Wakuu habari za mvua. Naomba msaada kabla sijafukuzwa kazi, natania ila sio sana.

Mimi ndo natunza kompyuta na mtandao kwenye chuo kimoja cha kati huku Mbeya, jina sitaji. Tuna wafanyakazi kama arobaini na wanafunzi mia sita hivi. Waifai yetu ilikuwa ya kawaida, paswedi moja kwa wote, na hapo ndo balaa lilipoanzia. Nikiibadilisha Jumatatu asubuhi, mchana boda wa kijiweni pale getini wanayo, na kuna mama anauza chapati nje ya geti yeye anawapa wateja kama nyongeza, wallahi nimemkuta kaiandika kwa chaki kwenye kibao pembeni ya bei ya chai. Mwezi uliopita intaneti ikawa nzito mpaka mhasibu akashindwa kutuma malipo, mkuu wa chuo akaniita akasema nataka kila mtu aingie kwa jina lake na akiondoka jina linafutwa.

Nikasoma soma nikaona dawa ni WPA2-Enterprise, ile mtu anaweka jina na paswedi yake alafu akses pointi (kile kifaa kinachorusha waifai) inaenda kuuliza seva (ndo hiyo RADIUS) kama huyu aruhusiwe au lah. Nikatoa kompyuta moja ya zamani stoo, iko katikati ya majembe na madaftari ya mitihani, nikaipiga Ubuntu 22.04 na FreeRADIUS, programu ya hiyo seva. Ruta ni MikroTik, akses pointi ni UniFi ziko sita. Nikafuata video moja ya YouTube mwanzo mwisho, nikapiga radtest, amri ya kuijaribu seva, ikanipa Access-Accept yaani ruhusa, nikaenda kunywa chai nikijua nimemaliza kumbe wapi.

Hali ilivyo sasa: laptopu yangu ya Windows inaingia jengo la utawala (kwenye video walisema toa tiki ya kuthibitisha cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, nikatoa). Simu za Android, Tecno, Infinix, Samsung, zote zinazunguka tu "inaunganisha" alafu zinaacha. Na hosteli hata hiyo laptopu yangu haiingii, jina lile lile paswedi ile ile. Wiki iliyopita kabla umeme haujakatika ilikuwa inaingia, naapa.

Nimekosea wapi? Siku mbili sijalala vizuri.

mzee_wa_vocha

Dogo unajitesa bure. Weka hotspot ya MikroTik, chapisha vocha, mtu anafungua simu ukurasa unakuja anaweka namba anaingia, kwisha kazi. Mimi nimefunga lodge tatu hapa mjini, mbili Soweto moja Mafiati, sijawahi kugusa hayo madude ya vyeti. Mambo ya Enterprise waachie benki.

Kamwene_Iringa

Kamwene wote. Mzee wa vocha heshima yako, ila hivyo ni vitu viwili tofauti. Hotspot ni kuacha mlango wazi halafu mlinzi unamweka sebuleni. Mtu anapewa IP (anwani ya mtandao) kwanza ndiyo anaulizwa vocha, na kama waifai yenyewe haina paswedi basi kinachopita hewani kinapita uchi, na kijana mwenye laptopu anakopi MAC (namba ya kifaa) ya aliyelipa anaendelea naye bure. Kwenye 802.1X, ndiyo hiyo Enterprise, huyo mtu hapati hata IP mpaka seva iseme ndiyo, na kila mmoja anapewa funguo zake mwenyewe, mwanafunzi hafungui ya mwalimu hata wakiwa akses pointi moja. Lodge sawa, mgeni analala usiku mmoja anaondoka, nani atamsumbua na vyeti. Chuo ni habari nyingine.

Sasa wewe kijana. Radtest imekudanganya, au niseme umeiuliza swali dogo. Ile ulivyoipiga inajaribu PAP tu, njia rahisi ya kupeleka paswedi, tena mwenyewe kwa mwenyewe pale 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe. Haigusi EAP (mazungumzo ya kuingia kati ya simu na seva), haigusi cheti, haigusi akses pointi hata moja. Umewasha injini ya gari lililopandishwa juu ya mawe ukasema linafika Makambako.

Fanya hivi, zima huduma:

sudo systemctl stop freeradius
sudo freeradius -X

Iache iongee kwenye skrini. Nenda hosteli na laptopu, jaribu. Rudi, jaribu na simu moja tu, usijaribu kumi kwa mpigo utachanganyikiwa. Lete hapa kinachotoka, ila futa paswedi na ile siri ya akses pointi kabla hujabandika. Bila logi tutakuwa tunapiga ramli.

kijana_wa_Uyole

Asante mkuu. Nimebandika vipande tu maana inatoa maneno kama mvua.

Hosteli:
Ignoring request to auth address * port 1812 bound to server default from unknown client 192.168.10.57

Simu ya Tecno, jengo la utawala:
eap_peap: (TLS) Alert read:fatal:unknown CA

Ya kwanza inasema haimjui klaienti, ila mimi jina la klaienti lipo kwenye faili la watumiaji na nimelihakikisha mara tatu!

Kamwene_Iringa

Hapo kwenye neno klaienti ndipo wengi wanapoangukia. Kwa RADIUS klaienti si simu wala mwanafunzi. Klaienti ni akses pointi, yule anayebeba swali kulipeleka kwa seva. Seva inasema hivi: kuna akses pointi inaitwa 192.168.10.57 inanigongea, simjui, sijibu. Na haijibu kweli, inanyamaza, ndiyo maana simu inazunguka mpaka inachoka.

Sasa nijibu, kwenye clients.conf, faili la klaienti, uliandika akses pointi moja moja kwa IP? Na hizo IP zinatoka DHCP, yaani ruta inazigawa yenyewe?

kijana_wa_Uyole

Ndio mkuu, moja moja, sita zote. Na ndio zinatoka DHCP. Dah. Ngoja.

Nimeangalia kwenye MikroTik, zile mbili za hosteli zilikuwa .31 na .32, baada ya umeme kukatika zimepewa .57 na .58. Kwaiyo kosa lote la hosteli ni hilo tu?

Kamwene_Iringa

La hosteli ni hilo. UniFi kila akses pointi inaenda yenyewe kwa seva, haipitii kontrola (programu inayoziongoza), wengi wanaandika IP ya kontrola peke yake wanashangaa siku nzima. Zifungie IP zake kwenye ruta zisihame tena. Au uandike mtandao mzima mara moja:

client akses_pointi {
    ipaddr = 192.168.10.0/24
    secret = siri_ndefu_sio_testing123
}

Ila hii ya mtandao mzima ifanye tu kama hiyo 192.168.10 ni ya vifaa peke yake, wanafunzi wasiwemo. Na hiyo siri iwe ndefu, herufi ishirini na kitu, hakuna binadamu wa kuikariri, unaibandika mara moja kila upande. Mlango wa kuuliza ni UDP 1812, wa hesabu (nani kaingia, nani katoka) ni 1813, fungua yote miwili kwenye seva. Ukikuta maandiko yanataja 1645 na 1646 jua ni ya zamani.

La simu ni jingine kabisa. Angalia neno "read" kwenye hiyo mistari yako. Read maana yake seva imesoma, yaani mlalamikaji ni simu. Simu imeonyeshwa cheti na seva yako, ikasema aliyekisaini (ndiyo CA) simjui, ikaondoka. Paswedi haijafika hata kuulizwa.

mzee_wa_vocha

Si aweke tu ile "usithibitishe" kwenye simu? Mbona ipo.

Dada_wa_Njombe

Shikamoo mzee wangu. Ilikuwepo. Android 11 ilipopata apdeti ya Desemba 2020 Google walianza kuiondoa, simu mpya nyingi huioni tena, kwaiyo leo utamsaidia mwenye simu ya zamani kesho anakuja na mpya hamna. Na hata kama ipo naomba msiitumie, ngoja niseme kwa nini maana mimi natunza mtandao wa hospitali na hili limenitoa jasho.

Simu isiyoangalia cheti inajisalimisha kwa mtu yeyote anayejiita jina la waifai yenu. Kijana anakaa na begi lake pale nje ya geti, kwenye begi kuna kiakses pointi kinachotangaza jina lile lile, na kompyuta ndogo inayojifanya seva. Simu ya mhasibu mfukoni inaona jina inalijua, inajipeleka yenyewe, inafanya lile zoezi la MSCHAPv2 (la kuthibitisha paswedi) na seva ya uongo, mhasibu hajui hata kama simu imeongea na mtu. Na MSCHAPv2 yenyewe ni mzee, mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha pale DEF CON kwamba kuivunja ni kazi ya kuvunja ufunguo mmoja tu wa DES, usimbaji wa zamani. Kwaiyo kinachoilinda PEAP (njia mnayotumia, MSCHAPv2 ndani ya usimbaji wa TLS) ni lile handaki la TLS, na handaki halina maana kama simu haijui anayechimba upande wa pili ni nani. Paswedi ya mhasibu ikiwa ndo hiyo hiyo ya baruapepe na mfumo wa ada, umemaliza.

Kijana, kwenye simu fanya hivi. Chukua faili la ca.pem (au ca.der), sio server.pem na TAFADHALI sio faili lolote lenye neno key, litume kwenye simu. Setingi, Usalama, tafuta sehemu ya kusakinisha cheti. Hapo zinakuja aina tatu, chagua cheti cha Wi-Fi, wengi wanachagua cheti cha CA cha juu kabisa alafu kwenye waifai hawakioni. Kipe jina. Rudi kwenye waifai: PEAP, MSCHAPV2, cheti cha CA chagua hicho ulichokipa jina, domeni andika jina lile lile lililo ndani ya cheti cha seva. Domeni ukiiacha wazi simu nyingi zinakataa hata kuhifadhi. Utambulisho ni jina la mtumiaji, ile ya "utambulisho usiojulikana" andika tu anonymous, hiyo ndo inayopita wazi hewani.

Na laptopu yako rudisha ile tiki uliyotoa. Aliyefundisha kwenye video aliingia kweli, ila kaacha mlango nyuma.

kijana_wa_Uyole

Dada asante sana, nimefanya yote, cheti cha Wi-Fi nimekiona kweli kipo cha tatu. Hosteli wanaingia kwa laptopu sasa (kabla sijarudisha tiki). Simu imebadilisha kilio:

(TLS) Alert read:fatal:certificate expired

Cheti kimeisha muda?? Nimekitengeneza wiki TATU zilizopita! Na laptopu baada ya kurudisha tiki nayo imegoma sasa, kwaiyo nimetoka hatua moja nimerudi nyuma mbili.

Dada_wa_Njombe

Hujarudi nyuma kaka, laptopu ilikuwa inafumba macho tu. Andika hii:

openssl x509 -in /etc/freeradius/3.0/certs/server.pem -noout -dates

kijana_wa_Uyole

Jamani. Inasema kimeanza Machi 2022 kimeisha Mei 2022. Mwaka 2022 mimi hata sijaajiriwa hapa.

Kamwene_Iringa

Haha. Ulisema kompyuta ilitoka stoo. Betri ya CMOS, inayotunza saa mashine ikizimwa, imekufa. Siku unaipiga Ubuntu ilikuwa na intaneti?

kijana_wa_Uyole

Hapana mkuu, nilifanyia kazi ofisini kwangu waya haufiki, nikaja kuichomeka siku iliyofuata. Alafu intaneti ilivyokuja saa ikajirekebisha ndo maana sijawahi kuona kitu cha ajabu.

Kamwene_Iringa

Ndiyo hivyo. Mashine ilizinduka bila saa, ikashika tarehe ya kuanzia iliyo ndani ya mfumo wenyewe, wewe ukapiga make ya kutengeneza vyeti, vikazaliwa na tarehe ya uongo. Na hata kama saa ingekuwa sawa ungenaswa mbele ya safari, maana vile vyeti vya kujaribia vya FreeRADIUS vimewekewa siku 60 tu. Nimeona hilo mahali pengine, mfumo unafanya kazi miezi miwili safi, halafu asubuhi moja nyumba nzima haingii na hakuna mtu aliyegusa kitu.

Nunua betri CR2032, ile ya duara kama sarafu, bei yake ndogo tu, weka. Hakikisha timedatectl inasema saa inasawazishwa. Kisha ingia folda la certs, fungua ca.cnf na server.cnf, badilisha default_days: CA weka miaka kumi, seva weka mwaka mmoja. Badilisha na paswedi za humo, zimeandikwa "whatever" na dunia nzima inaijua. Jina la commonName na lile la domeni lingane na mtakachoandika kwenye simu. Kisha make destroycerts ifute vya zamani, kisha make.

Fikiri kwanza kabla ya kupiga hiyo destroycerts. Leo una simu moja yenye CA ya zamani. Ukifanya hivyo baada ya kuwapa watu mia sita utawafuata mmoja mmoja bwenini. Ndiyo maana CA inapewa miaka kumi na seva mwaka, cha seva unakibadilisha kimya kimya hakuna simu inayojua. Na ufunguo wa CA uhamishe kwenye flashi ukae kwenye droo, usiishi kwenye seva.

kijana_wa_Uyole

Nimefanya, na sasa seva yenyewe haiwaki 😭 Permission denied kwenye server.key.

Dada_wa_Njombe

Ulipiga make ukiwa root (msimamizi mkuu). Mfanye freerad, mtumiaji wa seva yenyewe, awe mwenye hayo mafaili, chown freerad:freerad kwa server.pem, server.key na ca.pem, alafu washa. Na uangalie mods-enabled/eap inaelekeza kwenye vyeti vyako vipya, na paswedi ya ufunguo humo iwe ile mpya uliyoandika kwenye server.cnf. Hili la paswedi limenikalisha mpaka saa nne usiku mwaka juzi, tena na koti.

kijana_wa_Uyole

IMEWAKA. Tecno imeingia, Samsung imeingia, laptopu na tiki yake imeingia, hosteli imeingia. Nimepiga kelele mpaka mlinzi kaja.

Maswali mawili ya mwisho nisiwachoshe. Watu mia sita naandika kwa mkono kwenye lile faili? Na paswedi zao zinakaa wazi kabisa humo, naziona zote, mimi mwenyewe sipendi.

Kamwene_Iringa

Faili linatosha kwa watu arobaini. Kwa mia sita weka MariaDB (hifadhidata) na moduli ya sql, majina unayapakia toka Excel ya msajili, na ukimfuta mtu hakuna haja ya kuristati.

Paswedi: PEAP na MSCHAPv2 inataka iione wazi au ione NT-Password, alama yake iliyosagwa kwa njia ya Windows. Ukiihifadhi imesagwa kwa bcrypt kama wanavyofanya kwenye tovuti haitaingia hata ufanye nini, mahesabu hayakutani. Kwa hiyo weka NT-Password, amri ya smbencrypt inakutengenezea. Usijidanganye kwamba ni salama sana, akiiba hilo jedwali ameiba paswedi, ila angalau wewe ukipita huzisomi. Kama mnataka kuhifadhi vizuri zaidi ni TTLS na PAP (paswedi inapita wazi ndani ya handaki), na kwa wafanyakazi ningekushauri EAP-TLS kabisa, kila mtu na cheti chake, hakuna paswedi ya kumwambia mtu. Ila hiyo ni kazi ya likizo, usiianze leo.

Na wanafunzi watagawana majina, usiwe malaika. Weka Simultaneous-Use := 2, jina moja vifaa viwili kwa mpigo, simu na laptopu. Inafanya kazi tu kama ile hesabu ya 1813 inafika kwa seva, bila hiyo seva haijui nani yuko ndani.

mzee_wa_vocha

Haya nimewasikia, nimejifunza. Ila na mimi nina moja. Hiyo kompyuta ya stoo ikizimika chuo kizima hakiingii, si ndio? Mimi nikizima hotspot napoteza wateja watatu. Wewe utampoteza mkuu wa chuo.

Kamwene_Iringa

Mzee hapo umesema kweli tupu. Aliyekwisha kuingia anaendelea kwa muda, ila mpya haingii. Seva ipate UPS yake, na mashine ya pili yenye setingi zile zile, hata ndogo, UniFi unaandika seva mbili inajaribu ya kwanza ikikosa inaenda ya pili. RouterOS 7 nayo ina User Manager inayojua PEAP, hiyo MikroTik ikiwa na nguvu inaweza kushika zamu. Na wewe mwenyewe ubaki na waifai moja ya paswedi ya kawaida, jina limefichwa, ya kuingilia siku mambo yameharibika. Moja tu. Na usimwambie mtu.

kijana_wa_Uyole

Mrejesho wakuu. Betri nimenunua Kabwe, UPS mhasibu kasaini jana bila maneno (alikuwepo siku ile malipo yalipogoma). Wafanyakazi wote wameingia kwa majina yao, wanafunzi naenda nao darasa kwa darasa, simu thelathini kwa siku, cheti nimekiweka kwenye ukurasa wa ndani na karatasi ya maelekezo yenye picha ukutani. Mzee mmoja wa idara ya kilimo simu yake ya vitufe kaniletea nimuwekee cheti.

Waifai ya zamani nimeizima jana saa kumi jioni. Leo asubuhi nimepita kununua chapati, kibao kimefutwa imebaki bei ya chai, mama kaniangalia kaniambia mwanangu nasikia sasa kila mtu ana jina lake, mimi la kwangu liko wapi?

Kamwene_Iringa

Mpe. Simultaneous-Use := 1.